Saa Zisizo na Kitabu

Njia ya kwenda Maandalio haina haja ya kuelezwa. Muulize mtu yeyote atakuelekeza, maana hakuna ukoo ambao haujapeleka mtu wake kule, na wengi waliopeleka mpaka leo wanachungulia dirishani. Sisi tumfuate Tunu binti Harubu, aliyefika mpakani mwa nchi hiyo asubuhi ya Jumatatu akiwa na mkoba mmoja wa ukili na viatu vilivyojaa vumbi. Alikuwa na shida mbili: moja aliyowaambia watu, na moja aliyojiwekea mwenyewe.

Ile ya kuwaambia watu ilikuwa hivi. Mumewe, Shomari, alikwenda Maandalio kufanya mtihani wa kuingia utumishi wa serikali. Alisema ni kazi ya miezi mitatu. Wakati huo binti yao Raya alikuwa na miaka miwili, ndio kwanza anajifunza kusema "maji". Sasa Raya ana miaka ishirini na ataolewa Ijumaa ya wiki inayofuata, na sheikh wa mtaa wao, mtu asiyependa mambo ya kubabaisha, alikataa katakata kufungisha ndoa kwa kukisia. "Baba yu hai," alisema. "Basi neno lake lipatikane. Aje mwenyewe, au aandike kwamba amemfanya fulani wakili wake, na mashahidi wawili watie sahihi." Tunu akafunga mkoba.

Shida ya pili ni kwamba alimtaka mumewe. Alimtaka nyumbani, mezani, kwenye kiti cha barazani, akikohoa kile kikohozi chake cha asubuhi kisicho na ugonjwa. Miaka kumi na minane haikuipunguza hamu hiyo hata kidogo, na hilo lilimwaibisha, maana wenzake waliokuwa na waume majumbani walikwisha wachoka siku nyingi.

Barua zilikuja, si kwamba hazikuja. Mwaka wa kwanza Shomari aliandika kama mtu: aliuliza kama paa bado linavuja, akamtania juu ya chumvi anayoizidisha kwenye mchuzi. Kufika mwaka wa tatu barua zikaanza kupangika. "Zipo sababu nne zinazonifanya nikukumbuke," aliandika. "Kwanza, wewe ni mke wangu. Pili, umbali. Tatu, muda. Nne, nyinginezo zinazofanana na hizo." Tunu aliisoma ile sababu ya nne mpaka karatasi ikachanika kwenye kunjo. Alijishawishi kwamba humo ndimo Shomari alimoyatia yale yote asiyoweza kuyaandika.

Mpakani alikuta ofisa mmoja aliyevaa miwani, meza mbele yake, kitabu kinene mkononi. Ofisa hakumtazama.

"Umekuja kufanya mtihani," aliuliza, "au umemfuata aliyekuja kufanya mtihani?"

"Nimemfuata."

"Mume, mtoto au ndugu?"

"Mume."

"Mstari wa kushoto," alisema ofisa, na mstari wa kushoto ulikuwa mrefu hasa.

Wakati anasubiri zamu yake, Tunu aliona kwamba ofisa yule hasomi pasi zao. Anasoma kitabu chake. Kila alipomaliza mtu mmoja alifumba macho, akanong'ona mistari miwili mitatu, akafumbua, akaendelea. Naye alikuwa mtahiniwa. Huko Maandalio kila mtu ni mtahiniwa, na kazi nyingine yoyote anayoifanya ni ya kupitishia muda.

Alipata chumba kwa Bi Hidaya, mama mnene mwenye sauti ya upole aliyekuwa akijiandaa kwa mwaka wa ishirini na sita. Bi Hidaya ndiye aliyemweleza mambo ya nchi, tena kwa mpangilio mzuri sana, kwa kuwa hakujua kueleza vingine. Mtihani una sehemu tatu: hesabu, lugha na siasa. Hesabu na lugha watu huzimaliza mwezi wa kwanza. Kinachowaweka ni siasa. Sehemu ya siasa ina kitabu chake cha majibu, na serikali ikibadilika kitabu nacho hubadilika, kinakusanywa cha zamani na kinapigwa chapa kipya, kisha watu huanza upya kukariri. Serikali hubadilika mara kwa mara.

"Sasa serikali yenu hasa ni nani?" Tunu aliuliza.

"Ni jibu la swali la kwanza," alisema Bi Hidaya, na akaona amejibu.

Siku ile ya kwanza Tunu alifuatana naye kwenda kuteka maji. Kitabu kinasema mji una visima saba, na wakazi wamegawanywa katika visima saba, kila mtu na namba yake. Tunu alipoingia kwenye foleni ya kisima cha tano aliona jambo asilolielewa. Kila aliyefikiwa na zamu aliteremsha ndoo, akangoja kidogo, akaipandisha tupu, akamshukuru mlinzi, kisha akaenda zake hadi kisima cha pili na kuomba kwa watu wa huko. Kisima cha tano kilikauka zamani. Cha sita na cha saba vilevile.

"Bi Hidaya," alisema Tunu taratibu, "kwa nini msiende moja kwa moja kule kwenye maji?"

"Kulikuwa na bwana mmoja hapa, mtu mwerevu tu. Akaenda akavihesabu visima kwa macho yake. Kwenye mtihani akaandika vinne." Bi Hidaya alishusha sauti. "Tokea hapo mtahiniwa haruhusiwi kukitazama kitu kinachoulizwa. Kinamharibia jibu."

Mjini alipita ofisi nyingi. Ofisi ya vizazi na vifo, ofisi ya ardhi, ofisi ya barabara, zote milango imefungwa na vibao vimetundikwa: Karani anajiandaa. Ofisi ya vizazi ilikuwa na foleni ya watu waliozaliwa kitambo, wamekaa chini wanasoma. Uwanjani walimu wawili walisimama juu ya majukwaa mawili wakibishana, na umati unaandika kila neno. Mmoja alishikilia kwamba nguzo za taifa ni amani, umoja na kazi. Mwenzake alishikilia kwamba ni umoja, amani na kazi. Kazi iwe ya mwisho, hapo hawakupingana. Ubishi huo ulikuwa na miaka tisa na ulikwisha vunja ndoa kadhaa.

Tunu hakucheka. Alitazama zile nyuso zilizoinamia madaftari akamtafuta Shomari, na kila kisogo chenye mvi alikidhania chake kabla hakijageuka kuwa cha mtu mwingine.

Jumanne aliruhusiwa kumwona. Mabweni ya siasa yana ukumbi wa wageni: benchi hili, benchi lile, na katikati meza ya msimamizi mwenye kitabu. Shomari aliingia akiwa amevaa shati jeupe lililonyooka. Alikuwa amekonda, nywele zimeondoka mbele, na mabega yameingia ndani kwa kuinama. Lakini mwendo ulikuwa uleule wa kukanyaga kwa kisigino. Tunu aliusikia kabla hata hajainua macho, akamjua.

"Baba Raya," alisema.

"Karibu," alisema Shomari. "Mgeni hupokelewa kwa mambo matatu: heshima, usalama na utaratibu."

Msimamizi alifuata mstari kwa kidole, akatia alama ya vema.

Tunu alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Sasa aliyaona yote marefu mno. "Raya anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo," alisema. "Kijana ni fundi seremala, ana adabu zake, nimewaulizia watu wake. Sheikh anataka neno lako. Unakubali?"

Shomari alisogea mbele kidogo kwenye benchi. Alifungua mdomo, akatupa jicho kwa msimamizi, akaufunga, kisha akaanza kwa sauti ya kusoma: "Ndoa ni taasisi ya msingi katika jamii. Faida za ndoa kwa taifa ni nne. Faida ya kwanza..."

"Sikuulizi faida, Baba Raya. Nauliza kama unakubali."

Shomari alimgeukia msimamizi. Msimamizi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alifungua kurasa mbele na nyuma, akatikisa kichwa. "Idhini ya baba haimo," alisema. "Ilikuwamo katika toleo la miaka mitano iliyopita, wakaiondoa. Huenda ikarudi. Mwache bwana, bibie, akikosea hapa mbele yangu itabidi niandike, na akiandikwa anashushwa namba."

"Namba gani?"

"Namba ya foleni ya kitabu," alisema msimamizi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na heshima. "Mumeo ni wa kumi na moja."

Robo saa ikaisha. Shomari aliinuka. Alipofika mlangoni aligeuka, akamtazama mkewe kuanzia utosini mpaka kwenye vile viatu vya vumbi, na akasimama hapo muda mrefu kuliko ilivyoruhusiwa. Tunu alilia njia nzima ya kurudi, bila kujificha, na hakuna aliyemuuliza kwa nini, kwa kuwa kuuliza ni haki ya sita ya raia na watu walikuwa bado wanairudia.

Bi Hidaya alimfafanulia habari ya namba. Kitabu kipya kinapotoka, wanaokipata mwanzo huanza kukariri mwanzo. Kumi wa kwanza ndio huitwa kwenye chumba cha mtihani kabla serikali haijabadilika tena. Waliobaki hukuta imebadilika. Shomari alipofika alikuwa wa elfu nne na kitu. Miaka kumi na minane amekuwa akisogea, mmoja akifa, mwingine akipofuka, mwingine akikosea akashushwa.

"Na hao wanaofaulu," Tunu aliuliza, "hupelekwa kazi gani?"

"Wanaandika kitabu kinachofuata."

"Wote?"

"Kazi nyingine ipo wapi, mwanangu?"

Tunu alikaa kitandani akilitafakari jambo hilo. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba mumewe akishindwa atachelewa na akifaulu atarudi. Sasa akajua kuwa akifaulu ndio basi kabisa.

Zikapita siku mbili. Alikwenda mabwenini kila asubuhi akaambiwa wageni ni Jumanne. Siku za kurudi nyumbani alizihesabu kwa vidole: zilibaki za njia tu na mbili za kuchangamkia maandalizi ya harusi. Akaamua kwamba Ijumaa ataondoka, akiwa na neno au bila neno.

Ijumaa, jua limepanda vizuri, kengele kubwa ililia mara tisa. Barabarani watu walisimama walipokuwa. Serikali imebadilika.

Wakapita watu wenye magunia, nyumba kwa nyumba, wakikusanya vitabu. Bi Hidaya alikitoa chake kilichofungwa kwa kitambaa, akakibusu, akakitumbukiza guniani. Mwenye gunia akatangaza kwamba kitabu kipya kiko mtamboni, kitatoka adhuhuri, na mpaka hapo majibu ya zamani si majibu tena.

Hivyo kulikuwa na saa tatu zisizo na kitabu, na Tunu alizishuhudia. Kwanza mji ulinyamaza. Majirani wawili walikutana kwenye kona, kila mmoja akafungua mdomo kusalimia, akakosa la kusema, wakabaki wanatazamana. Kisha mmoja akasema, kwa kujaribu tu, "Umeamkaje?" Mwenzake akafikiri sana. "Goti linaniuma," alisema, na akaonekana kushangaa kwamba ni kweli.

Bi Hidaya alichukua ndoo. Alisimama uani akipepesa macho, hajui tena ni mtu wa kisima gani, na kwa kuwa hakujua, akaenda kwenye maji. Alirudi upesi, ndoo imejaa, uso umemchangamka. Pale ofisi ya vizazi mtu fulani alisukuma dirisha likafunguka, akaanza kuandika majina ya watu waliozaliwa. Tunu aliyaona haya akiwa anatembea kwa haraka, na matumaini yakaanza kumpanda kifuani, ingawa hakutaka kuyaamini.

Maana watu wengi, wengi mno, hawakuwa wakifanya hayo. Walikuwa wanakwenda mtamboni kupanga foleni.

Alimkuta Shomari mahali pake, wa kumi na moja, mbele ya mlango wa chuma uliokuwa ukinguruma kwa ndani. Nyuma yake alisimama bwana mmoja mwembamba aitwaye Feruzi, na nyuma ya Feruzi mwenye kofia aitwaye Ngwali. Hapakuwa na msimamizi. Msimamizi naye alikuwa kwenye foleni, mbali kidogo, akitafuna kucha.

"Baba Raya," alisema Tunu.

Shomari alimtazama. Midomo ilicheza, ikatafuta mambo matatu au manne ya kuanzia, haikuyapata. "Mama Raya," alisema mwishowe. "Umevimba miguu."

Tunu alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. "Nimetembea," alisema.

"Raya ana urefu gani?"

"Ananipita. Ana kimo chako."

"Bado anashika kijiko kwa mkono wa kushoto?"

"Nilimwachisha. Lakini akikasirika anarudia."

"Na huyo seremala anajua kwamba akikasirika..."

"Atajua."

Shomari alicheka. Kicheko kilitoka kimekwaruza, akajishika kifua. Tunu akatoa karatasi mkobani, akamwambia habari ya sheikh tangu mwanzo, na safari hii Shomari hakumtazama mtu. Aliweka karatasi juu ya mgongo wa Feruzi akaandika, kwa hati iliyonyooka ajabu, hati ya mtu aliyefanya mazoezi ya kuandika kwa miaka kumi na minane: kwamba yeye Shomari ameridhia binti yake Raya aolewe, na amemfanya shemeji yake Athumani wakili wa kumwozesha. Alipofika kwenye mahari akasita.

"Ametaka nini Raya?"

"Msahafu na cherehani."

"Cherehani," alisema Shomari polepole. "Sikujua kama anashona. Sijui. Kumbe kuna mengi sijui." Alilirudia hilo "sijui" mara mbili tatu, maana huko Maandalio mtu haruhusiwi kulisema, jibu tupu ni kosa.

Feruzi na Ngwali walitia sahihi baada ya kubishana kidogo. Ngwali alitaka kujua shahidi anatakiwa aorodheshe hoja ngapi. Tunu akamwambia aandike jina lake tu, inatosha. Ngwali akaliandika taratibu, akalitazama. Huenda alikuwa na muda mrefu hajaliandika bila namba mbele yake.

Basi, neno la Raya lilipatikana. Tunu alilikunja akalitia kifuani. Angeweza kugeuka akaenda zake, na wote wangemsifu kwa kazi aliyoifanya. Lakini alibaki amesimama.

"Nina jingine," alisema. "Hili ni langu. Nataka urudi nyumbani. Sina sababu nne. Nimekutamani kila siku, asubuhi zaidi, sijui kwa nini asubuhi. Watu wanasema nimezoea. Sijazoea. Twende, Baba Raya."

Shomari aligeuka. Alitazama mlango wa chuma. Alitazama vichwa kumi vilivyokuwa mbele yake, ambavyo alivijua kwa visogo kama mtu anavyowajua watoto wake. Wa kwanza katika hao kumi alikuwa mzee aliyekuja ameshikwa mkono, na kila mtu aliona kwamba hatafika kitabu kingine. Kisha Shomari aliinama kwa Feruzi, akamnong'oneza jambo sikioni, wakapeana mkono. Akauchukua mkoba wa Tunu, akautia begani.

"Twende," alisema.

Ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka mtamboni hadi mpakani. Tunu hakuwahi kuwa na saa moja na nusu nzuri kama hiyo, wala kabla, wala baada. Shomari alizungumza. Aliuliza habari za paa, akaambiwa limebadilishwa mabati. Akauliza ni nani anaadhini siku hizi, na yule jirani mwenye mbuzi waharibifu amekufa au yupo. Alimkumbusha siku waliyounguza ugali wakala na wageni hivyohivyo. Alimtania juu ya chumvi. Walipofika kwenye kilima alimshika mkono kumpandisha na akasahau kuuachia, na Tunu akawa anatembea polepole kwa makusudi. Alikwisha anza kupanga: shati lake jeupe lifuliwe, kanzu ya Athumani itamtosha kwa siku moja, na kiti cha barazani kinahitaji mguu mpya, lakini si kuna seremala ndani ya nyumba sasa.

Mpakani meza ya ofisa ilikuwa tupu. Kulikuwa na jiwe la chokaa, na upande wa pili wa jiwe njia ilikuwa njia ya kawaida tu, na majani yake.

Kengele ikalia kule mjini. Kitabu kimetoka.

Shomari alisimama. Aliutua mkoba chini taratibu, karibu na jiwe, akaupangusa vumbi.

"Mama Raya," alisema. "Feruzi amenishikia nafasi."

Tunu hakuelewa mara moja. Au alielewa na akaomba asiwe ameelewa. "Tangu saa ngapi?"

"Kabla hatujaondoka."

"Kumbe," alisema Tunu. Alitafuta pa kukaa, hapakuwapo, akasimama vivyo hivyo. "Mimi nilidhani tunakwenda. Kumbe unanisindikiza."

"Yule wa kwanza hafiki mwisho wa mwezi. Hata Ngwali anasema. Nitakuwa wa kumi. Unaelewa? Wa kumi. Kisha naitwa, nafanya, yamekwisha." Alikuwa analia, na hakuyapangusa machozi. "Miaka kumi na minane nikiiacha leo, itakuwa ilikuwa ya nini?"

Tunu alimsogelea. Angeweza kumwambia juu ya kazi wanayopewa wanaofaulu. Lakini alimtazama akaona analijua, amelijua siku zote.

"Mimi nilikushikia nafasi yako, Baba Raya," alisema. "Muda wote huo. Hata kuninong'oneza hukuninong'oneza."

Shomari aliinamisha kichwa. Kengele ikalia mara ya pili. Alimshika mkewe kichwa kwa mikono miwili, akamsomea dua ya safari mpaka mwisho bila kukosea, kisha akageuka. Alitembea hatua kadhaa kwa ule mwendo wa kukanyaga kwa kisigino, halafu akaanza kukimbia. Tunu alimtazama mpaka alipopotea nyuma ya kilima. Halafu akabeba mkoba wake.

Ndoa ya Raya ilifungwa siku ileile iliyopangwa, barazani kwao, baada ya sala. Sheikh aliisoma ile karatasi mbele za watu, akaisifu. Alisema katika miaka yake yote ya kazi hajapata kuona hati nzuri namna ile, na karatasi ikapita mkono kwa mkono, wanaume wakitikisa vichwa kwa kustaajabu. Athumani alikaa mbele ya bwana harusi kushika mkono. Kando yake, karibu na sheikh, pameachwa mahali pa mtu mmoja, kwa mazoea, kama palivyoachwa kwenye hitima zote na harusi zote za nyumba ile. Hakuna aliyepakalia wala aliyepasema.

Watu walikuwa wengi kuliko majamvi. Mzee Kombo, ami yake bwana harusi, alichelewa kufika kwa sababu ya magoti yake, akabaki amesimama kwenye ngazi, mkono mmoja ukutani, akitafuta kwa macho pa kujibanza. Tunu alimwona akiwa mlangoni pamoja na wanawake. Raya alikuwa nyuma yake, mikono imekauka hina, akinukia udi, akimuuliza kwa kunong'ona kwa nini hawaanzi.

"Mzee Kombo," Tunu aliita, kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa baraza. Wanaume waligeuka. "Pita mbele, ami yangu, ukae pale karibu na sheikh."

Mzee alipatazama, akapatambua. "Pale si pana mwenyewe, mwanangu?"

"Hapana mwenyewe," alisema Tunu. "Kaa."

Athumani alisogea kidogo. Mzee Kombo akapita katikati ya watu akiomba radhi, akakunja magoti yake kwa taabu, akakaa, na sheikh akaanza kusoma.